Je, Wajua? Inhela ya Buluu Katika Jiji la Udi na Vumbi

Ukiingia soko la manukato la Deira, Dubai, hutatoka na harufu uliyoingia nayo. Muuzaji hukupaka marashi mkononi kabla hujamwambia huna haja, na mlango wa pili kuna chetezo kinafuka udi. Mwenye pumu hulipita soko hilo mbiombio, mkono mmoja mfukoni, vidole vimekishika kidude cha plastiki cha rangi ya buluu. Huenda hajui kwamba kidude hicho na chupa zilizopangwa kushoto na kulia kwake ni wa ukoo mmoja.

Hadithi yenyewe ilianzia Marekani mwaka 1955. George Maison, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya dawa ya Riker, alikuwa na binti mwenye pumu. Dawa za kupanua njia za hewa zilikuwepo, ila zilivutwa kwa kichupa cha kioo chenye mpira wa kuminya. Ukiminya kwa nguvu unapata nyingi, ukiminya kivivu unapata kiduchu, na kioo kikianguka ndiyo basi tena. Binti akamuuliza baba yake kwa nini dawa isitiwe kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Baba hakulipuuza. Mkemia wa kampuni, Irving Porush, akaichukua vali ndogo iliyobuniwa na Philip Meshberg kwa ajili ya chupa za manukato. Kila ikibonyezwa inaachia ujazo uleule, mikrolita 50, haizidi haipungui. Machi 1956 inhela za kwanza za aina hiyo zilikuwa zimeshapata kibali cha kuuzwa. Bila vali ya marashi, neno "dozi" kwa mgonjwa wa pumu lingebaki kuwa makadirio.

Je, wajua dozi moja ina uzito gani?

Inhela ya kawaida ya salbutamoli, ile ya buluu, hutoa mikrogramu 100 kwa kila mpulizo. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja, kwa hiyo tunazungumzia uzito wa takriban punje mbili za chumvi ya mezani. Na hata hizo hazifiki zote. Mtu akibonyeza na kuvuta moja kwa moja, sehemu kubwa ya dawa hugonga ukuta wa koo na kumezwa pamoja na mate. Kinachofika mapafuni ni kama asilimia 10 hadi 20 tu. Basi robo ya punje ya chumvi ndiyo inayomwinua mtu aliyekuwa ameinama, mikono magotini, kifua kinapiga filimbi. Nafuu huanza ndani ya dakika tano na hudumu kati ya saa nne na sita.

Kazi inayofanyika humo ndani ni ya ufunguo na kitasa. Mirija ya hewa imezungukwa na misuli laini, na pumu inapobana misuli hiyo hujikaza kama kamba ya mfuko. Juu yake kuna vitasa, ambavyo wataalamu huviita vipokezi vya beta-2. Salbutamoli inaingia humo, misuli inalegea, njia inafunguka. Ila angalia: imelegeza kamba tu. Uvimbe na makohozi yaliyomo ndani ya mrija yako palepale. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndilo linaloua watu.

Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni mpulizo mmoja au miwili anapobanwa, na haipiti mara nne kwa siku. Anayejikuta anahitaji zaidi ya hapo, ugonjwa wake umeshavuka uwezo wa inhela hiyo na anatakiwa kwa daktari.

Mia au tisini?

Dubai ina watu wa kila taifa, na mabegi yao yana dawa za kila taifa. Mkenya ana Ventolin, Mhindi wa chumba cha pili ana Asthalin, na binamu aliyepitia Dubai akitoka Marekani ana kopo lililoandikwa "albuterol", mikrogramu 90. Watu hubishana ipi kali. Hakuna iliyo kali kuliko nyingine: salbutamoli na albuterol ni dawa moja yenye majina mawili, moja likitumika karibu dunia nzima, jingine Marekani. Na tofauti ya 90 na 100 ni ya mahali pa kupimia. Wengine wanaipima dawa inapotoka kwenye vali. Wamarekani wanaipima inapotoka kwenye mdomo wa plastiki, baada ya kiasi kidogo kuganda njiani. Ni sawa na kupima maji bombani au kuyapima ndoo ikishafika nyumbani.

Je, wajua kidonge kimoja kinalingana na mipulizo mingapi?

Hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu jambo hili liko katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Kidonge cha salbutamoli cha miligramu 4 ni cha bei nafuu, kinajulikana, na mama wengi wana kichupa cha dawa hiyo ya maji kabatini kwa ajili ya mtoto anayekohoa usiku. Fanya hesabu. Miligramu 4 ni mikrogramu 4,000. Mpulizo mmoja ni 100. Kidonge kimoja basi kina dawa ya mipulizo 40.

Mtu atasema: vizuri, si ndiyo nguvu zaidi? Hapana. Dawa iliyomezwa inapita tumboni na kwenye ini, inaingia damuni, inazunguka mwili mzima, na sehemu ndogo tu ndiyo inayoishia kwenye mirija ya hewa. Njiani inafungua vitasa visivyohusika. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia, na madini ya potasiamu yanashuka kwenye damu. Nafuu yenyewe huchelewa. Ni kama kumwagilia shamba zima maji ili unyweshe mche mmoja. Miongozo ya GINA, mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, haipendekezi salbutamoli ya kumeza. Bado vidonge hivyo husafiri hadi Dubai ndani ya masanduku, pamoja na unga wa muhogo na mafuta ya nazi, kwa sababu mtu alizoea hivyo kwao. Simlaumu, inhela mara nyingi ni ghali kuliko vidonge, na kibanda cha dawa cha mtaani hakikosi vidonge. Lakini anayetetemeka mikono baada ya kumeza asidhani ni dalili kwamba dawa "imemkubali".

Moyo kwenda mbio una historia yake. Kabla ya salbutamoli ilitumika isoprenalini, iliyofungua vitasa vya mapafu na vya moyo kwa pamoja bila kuchagua. Katika miaka ya 1960 vifo vya wagonjwa wa pumu viliongezeka Uingereza, hasa kwa vijana, na inhela za isoprenalini zenye nguvu kubwa zikashukiwa. Mwaka 1967 Alonzo Lands na wenzake walionyesha kuwa vitasa hivyo ni vya aina mbili, cha moyo na cha mapafu. Timu ya David Jack, katika maabara za Allen & Hanburys mjini Ware, Uingereza, ilikuwa imeshaipata salbutamoli mwaka 1966. Iliingia sokoni 1969, ikilenga mapafu zaidi na kuugusa moyo kidogo tu. Kidogo hicho ndicho unachokisikia ukipuliza mara sita mfululizo.

Chupa ya soda

Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ambayo kila mzazi wa pwani angepaswa kubandikiwa mlangoni. Tatizo la mtoto na inhela ni kwamba hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Kinachosaidia ni spesa, chombo chenye uwazi kinachokaa kati ya inhela na mdomo ili dawa itulie humo na mtoto aivute taratibu. Spesa za dukani ni ghali. Zar alichukua chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500, akatoboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela, akaziba kingo zisivuje, mtoto akavutia shingoni mwa chupa. Chupa ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani.

Kwa nini nasema kila mzazi? Kwa sababu watu wanaiamini mashine. Mtoto akibanwa, familia inataka "awekewe mashine", yaani nebulaiza inayotoa mvuke, na isipokuwepo wanaona hajatibiwa. Ukweli ni kwamba kwa shambulio lisilo la kutishia maisha, inhela yenye spesa humfikisha mgonjwa palepale. Nebulaiza hutiwa miligramu 2.5 au 5, sawa na mipulizo 25 au 50 kwa hesabu ya karatasini, lakini nyingi hupotelea hewani na ndani ya mashine yenyewe.

Wakati wa shambulio kali hesabu ya dozi hubadilika kabisa. GINA inaelekeza mipulizo 4 hadi 10 kupitia spesa, kila baada ya dakika 20, kwa saa ya kwanza, mgonjwa akiwa njiani kupata huduma au ameshafika. Inapulizwa mmoja mmoja na kuvutwa, haimiminwi yote kwa pamoja. Anayeshindwa kumaliza sentensi, ambaye midomo imebadilika rangi, au ambaye filimbi ya kifuani imenyamaza huku bado anahangaika, huyo hasubiri saa ikamilike. Kifua kilichonyamaza hivyo hakijapona. Hewa haipiti tena. Dubai nambari ya gari la wagonjwa ni 998. Wengi wa kwetu hukumbuka 999, ambayo huko ni ya polisi.

Je, wajua makopo matatu yanasema nini?

Kopo moja lina mipulizo 200. Anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yumo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali. Anayemaliza kumi na mawili, moja kila mwezi, yumo katika kundi ambalo hatari ya kufa imepanda. Dawa haijamdhuru kwa sumu. Ameishi mwaka mzima akilegeza kamba huku uvimbe ukiongezeka ndani.

Ndiyo sababu mwaka 2019 GINA iligeuza desturi ya miaka 50: haipendekezi tena mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Awe na dawa ya kutuliza uvimbe pia, ya jamii ya steroidi, ambayo mara nyingi huja katika inhela ya kahawia au imechanganywa na kipanuzi kingine kiitwacho formoteroli. Shida ya dawa ya uvimbe ni kwamba haina utamu. Unaivuta leo, husikii kitu. Unaivuta kesho, husikii kitu. Wiki ya pili unaiacha. Ile ya buluu inajibu hapohapo, na binadamu humpenda anayemjibu.

Utajuaje kopo limekwisha? Watu hulitumbukiza kwenye glasi ya maji: likizama limejaa, likielea ni tupu. Jaribio hilo halina maana. Gesi ya kusukumia inaweza kubaki wakati dawa imekwisha, na maji yakiingia kwenye vali yanaiharibu. Tafuta inhela yenye kihesabio nyuma yake, au andika tarehe uliyoianza na ufanye hesabu.

Gari lililoegeshwa Julai

Sasa jiji lenyewe. Kopo la inhela ni chombo chenye mgandamizo. Maelekezo yake husema lisiwekwe penye joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi. Kiangazi cha Dubai hupita nyuzi 40 kivulini, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita 60. Dereva anayeacha inhela yake karibu na usukani anaporudi kula, anairudia dawa ambayo haina uhakika tena, kama kopo lenyewe halijapasuka. Wanaofanya kazi nje wanajua kuwa kati ya 15 Juni na 15 Septemba sheria inawazuia kufanya kazi juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00. Inhela nayo ingestahili mapumziko hayo.

Kisha kuna kutoka na kuingia. Nje joto la tanuri, ndani ya duka kubwa baridi ya Lushoto. Hewa baridi na kavu ni kichokozi kinachojulikana cha mirija ya mwenye pumu, na mkazi wa Dubai huvuka mpaka huo mara kumi kwa siku. Vumbi ni habari nyingine. Mei 2022 dhoruba ya mchanga ililifunika jiji hata Burj Khalifa, mita 828, likapotea machoni.

Na kuna mti. Wakazi wa Imarati wanauita ghuwaif; sisi tunaujua kwa jina la mathenge. Asili yake ni Amerika, ukapelekwa majangwani kuzuia mchanga, na chavua yake imeandikwa na watafiti wa Al Ain miongoni mwa vichokozi vya mzio nchini humo. Mathenge huyohuyo alipandwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980, akasambaa hadi wafugaji wakaenda Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2006 wakiishtaki serikali, wakiwa na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Mbuzi kama kielelezo cha ushahidi: sijui kisa cha mahakamani kinachonifurahisha kuliko hicho.

Udi nimeuacha kwa makusudi hadi hapa, kwa kuwa ni suala la mapenzi. Kuanzia Lamu hadi Unguja, Maskati hadi Dubai, nyumba isiyofukizwa ni nyumba ambayo haijapokea mgeni. Mwaka 2009 watafiti wa Omani walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watoto wa shule katika maeneo mawili ya nchi hiyo. Walikuta kufukiza nyumbani hakuhusiani na kuwa na pumu kwa mtoto ambaye hana. Lakini kwa mtoto ambaye tayari anayo, moshi wa bukhuri ulikuwa mchokozi wa kawaida wa kifua kubana. Matokeo hayo yananipendeza kwa uadilifu wake: hayamtii hatiani bibi kwa kumtia mjukuu ugonjwa, wala hayamruhusu kuleta chetezo chumbani kwa mtoto. Fukiza nguo sebuleni, fungua dirisha, mtoto akiwa nje anacheza.

Je, inhela inafunguza?

Kila Ramadhani swali hili hurudi, na jibu hutegemea unamuuliza nani. Masheikh wawili wakubwa wa Saudia, Ibn Baz na Ibn Uthaymin, waliona haifunguzi. Taasisi ya fatwa ya Misri, Dar al-Ifta, imeona inafunguza. Mwaka 1997 baraza la kimataifa la fikihi lilipokutana Jeddah, lilitoa uamuzi juu ya matibabu mengi kuhusu saumu, na suala la inhela ya pumu likaliahirisha.

Turudi kwenye punje yetu ya chumvi. Ugumu uko kwenye ile asilimia 80 na zaidi inayobaki kooni na kumezwa. Anayesema inafunguza anaitazama hiyo: kuna kitu kimefika tumboni. Anayesema haifunguzi anauliza ni kiasi gani, na anakifananisha na unyevu unaobaki kinywani baada ya kusukutua kwa ajili ya udhu. Wote wawili wanagombania kitu kisichofika uzito wa punje mbili. Madaktari wa Ghuba hutafuta njia ya kati kwa dawa za kila siku: inhela mchanganyiko inayovutwa mara mbili kwa siku hupangwa wakati wa futari na wakati wa daku, na mchana unabaki salama. Ile ya kuokoa haina ratiba. Pumu haipigi hodi, na mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Hilo halina mgogoro.

Mtoto wa Nairobi na mipulizo 16

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mbio za baiskeli Kenya chini ya David Kinjah, akaja kushinda Tour de France mara nne. Ana pumu. Septemba 2017, katika mashindano ya Uhispania, mkojo wake ulikutwa na salbutamoli nanogramu 2,000 kwa mililita, maradufu ya kiwango kilichowekwa. Dunia ya baiskeli ikawaka moto. Julai 2018 chama cha kimataifa cha mchezo huo kilifunga faili bila adhabu. Februari 2020, baada ya ajali mbaya iliyomvunja mifupa, alirudi kwenye mashindano makubwa katika UAE Tour, hatua ya kwanza ikiwa barabarani hapohapo Dubai.

Kwa nini dawa ya mgonjwa iwekewe kikomo michezoni? Kwa sababu kwa wingi mkubwa, hasa ikimezwa, inashukiwa kujenga misuli. Mwanamichezo anaruhusiwa kuvuta mikrogramu 1,600 kwa saa 24, yaani mipulizo 16, na tangu 2022 zisizidi 600 ndani ya saa nane zozote.

Ndugu mkali wa salbutamoli ni klenbuteroli. Hiyo ni dawa ya kupanua mirija ya farasi. Dozi ya kuanzia ni mikrogramu 0.8 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, hivyo farasi wa kilo 450 hupewa 360 kila mara. Farasi hawezi kuhema kwa mdomo, hutegemea pua tupu, kwa hiyo mirija ikibana hana mlango wa dharura. Dubai, jiji la mbio za Dubai World Cup tangu 1996, madaktari wa wanyama wanaijua vyema. Wanaojua zaidi ya inavyopasa ni baadhi ya vijana wa kumbi za mazoezi, wanaoinunua kichochoroni ili wapungue mafuta. Wanameza dawa ya farasi, halafu wanashangaa moyo kupiga kama kwato.

Gesi inayosukuma

Ndani ya kopo dawa ni kidogo kuliko gesi. Zamani ilikuwa gesi iliyotoboa tabaka la ozoni, ikaondolewa kufuatia Mkataba wa Montreal wa 1987. Iliyochukua nafasi yake haigusi ozoni, ila hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito huohuo. Makubaliano ya kuipunguza gesi ya jamii hiyo yalifikiwa Afrika Mashariki, Kigali, Oktoba 2016. Mkutano wa tabianchi wa COP28 ulipofanyika Dubai mwishoni mwa 2023, ulikuwa wa kwanza kutenga siku ya afya, 3 Desemba. Muda mfupi kabla yake GSK, watengenezaji wa Ventolin, walitangaza majaribio ya mwisho ya gesi nyingine yenye madhara madogo. Inhela za unga, ambazo mgonjwa huvuta kwa nguvu yake mwenyewe, hazina gesi kabisa. Lakini aliyebanwa sana hana nguvu hiyo, wala mtoto mdogo.

Mnanaha, kisha kahawa

Kabla ya haya yote watu walivuta moshi. Mnanaha, ule mmea wa jalalani wenye maua kama tarumbeta, ulivutwa India kwa ajili ya pumu, na mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza waliuchukua kutoka Madras wakaufanya sigara. Ulipanua mirija kweli. Pia uliwapa watu wazimu na kuwaua, kwa kuwa hakuna ajuaye kiasi cha sumu katika jani moja, msijaribu. Wanakemia baadaye walianzia kwenye kiini chake wakatengeneza ipratropiamu, ambayo leo huongezwa kwenye mashine ya mvuke hospitalini kwa shambulio kali.

Kahawa ni ya upole zaidi. Daktari Henry Hyde Salter wa London, mwenyewe mgonjwa wa pumu, aliandika karibu na mwaka 1860 kwamba kahawa kali ndiyo tiba bora aliyoijua. Hakukosea sana: kafeini ni nduguye teofilini, dawa ya pumu iliyotumika kwa miongo mingi, na hupanua njia za hewa kidogo kwa saa chache. Teofilini yenyewe ni ngumu kupimia dozi, kwani kati ya kiasi kinachofaa na kinachodhuru pana nafasi finyu, na anayevuta sigara huimaliza mwilini upesi kuliko asiyevuta. Akiacha sigara ghafla bila kumwambia daktari, dozi ileile inamzidi.

Nguvu hiyo ndogo ya kahawa huwaponza watu kliniki. Mgonjwa hupewa miadi ya kupuliza kwenye kipimo cha mapafu asubuhi, na huelekezwa asinywe kahawa kabla yake, kwa sababu itayapamba majibu. Anakubali. Lakini Dubai huwezi kukaa dakika tano penye watu bila kijikombe kisicho na mkono kuwekwa mbele yako, na kukataa gahwa ya mwenyeji ni jambo zito. Anakunywa cha kwanza kwa heshima, cha pili kwa tende, anasahau kukitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, cha tatu kinamiminwa. Saa nne asubuhi anapuliza kwenye mashine na mapafu yake yanaonekana bora kuliko yalivyo.